Jumamosi, Saa 4

Mkutubi hakuwa mtu wa kuandika msimbo wa kompyuta. Alikuwa mtu wa kubandika namba kwenye migongo ya vitabu, kuwanyamazisha wanafunzi wa kidato cha pili kwa jicho moja tu, na kufagia maganda ya karanga chini ya meza za maktaba ya shule kila alasiri, ingawa karanga zilipigwa marufuku humo tangu enzi za mkuu wa shule aliyepita. Lakini miaka mitatu nyuma bomba lilipasuka darini, daftari lake la kuazimisha vitabu likageuka uji wa karatasi, naye akaanza kutumia programu moja iitwayo Rafu. Rafu ikamnasa.

Ilikuwa programu huria. Yeyote aliweza kuichukua na kuitumia, kuifungua ndani na kuona ilivyoshonwa, na akijaliwa ujuzi, kuirekebisha na kuwarudishia wenzake. Walioishona walikuwa watu arobaini na mmoja waliotawanyika miji na nchi kadhaa, wote wa kujitolea, wote wakiongea Kiswahili, na wengi hawajawahi kupeana mkono. Waliitana kwa majina ya utani. Yupo Mwalimu, mstaafu wa hesabu, aliyeianzisha Rafu kwenye meza ya jikoni kwake. Yupo Dada wa Baridi, aliyeishi nchi ya mbali ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, hata nywele za puani hushikwa na barafu. Na yupo Sindano, fundi wao mkubwa wa msimbo, aliyeitwa hivyo kwa sababu maoni yake yalikuwa mafupi na yalichoma. Mkutubi yeye kazi yake ilikuwa kujaribu kila kitu kipya kwenye maktaba yake na kuwaambia wenzake kilipoharibika.

Matatizo yalianza na namba moja. Mwalimu aliandika kwenye kikundi: "Mkutano wa toleo jipya ni Jumamosi saa 4. Bila kukosa."

Vikao vya kawaida vya kila Jumamosi asubuhi vilikuwa na wachache waliovizoea; huu aliwaita wote. Toleo hilo lilisubiriwa kwa hamu, maana lile la zamani lilikuwa na tabia mbaya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kumbukumbu za siku nzima zilikwenda na maji. Maktaba zaidi ya sitini zilitaka dawa kabla ya muhula mpya.

Jumamosi ikafika. Saa nne asubuhi waliingia mkutanoni Mwalimu, Mkutubi, na bwana mmoja aliyekuwa amekosea kiungo cha mtandaoni na akaona vibaya kutoka. Saa kumi na mbili jioni akaingia Dada wa Baridi peke yake na kikombe chake mkononi, kwa kuwa kwake ndiyo kwanza ilikuwa saa nne asubuhi. Saa nne usiku wakaingia watu sita, waliodai kwamba watu wa heshima hukutana baada ya kula. Naye Sindano, ikagundulika, alikuwa amewatangulia wote. Aliisoma 4 kama kompyuta inavyoisoma, akaingia alfajiri, akakaa nusu saa kwenye chumba kitupu, akaacha maneno matatu: "Nilikuwepo. Nyinyi hamkuwepo."

Mwalimu alipoyasoma alipandwa na mori. Akampigia Mkutubi.

"Mtu mzima, kakulia ndani ya lugha hii, anajifanya hajui saa nne ni saa ngapi! Huyu ananidharau. Miaka miwili sasa kila Jumamosi ana udhuru. Mara mtandao, mara kichwa. Na bila yeye kuipitisha ile sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu, toleo halitoki."

"Mwalimu, pengine tatizo ni saa, si mtu. Kwa nini tusiwe na kalenda ya pamoja, kila mmoja akaisoma kwa saa za kwake?"

Mwalimu akadakia: "Wazo zuri sana, mwanangu. Unaanza lini?"

Katika jumuiya ile ndivyo kazi zilivyogawanywa. Ukishatamka "kwa nini tusi…", umejitwisha.

Basi Jumatatu, wakati wa mapumziko ya mchana, Mkutubi alifungua kompyuta yake kaunta, katikati ya rundo la atlasi na sanduku la kadi za wanachama, akaunda kalenda. Akaiita "Rafu: Mambo Yetu". Akaweka sheria kwamba kila saa iandikwe kwa tarakimu za mtambo na kwa maneno ya binadamu, hivi: 10:00, saa nne asubuhi. Akaingiza mikutano, siku za majaribio, na siku ya mwisho ya tafsiri. Alipofikia swali la nani aruhusiwe kuandika humo, alisita, akamuuliza Mwalimu.

"Wote," Mwalimu akajibu. "Huria ni huria."

Kwa siku mbili kalenda ilikwenda kama cherehani iliyotiwa mafuta. Jumatano ikatokea humo habari ambayo hakuna aliyeijua ilikotoka: "Alhamisi 11:00. Friji ya bucha. Haigandi. Nenda na gesi."

Sasa, wiki ile jumuiya ilikuwa inajiandaa kugandisha msimbo, yaani kufikia siku ambayo hakuna tena kuongeza jambo jipya, ni kusahihisha tu hadi toleo litoke. Kikundi kikawaka moto.

"Nani ameandika haigandi? Si tulikubaliana tunagandisha wiki ijayo?"

"Friji ndiyo seva ipi?"

"Na huyu Bucha ni mwanachama tangu lini?"

Dada wa Baridi akaandika aya nne za kutetea kugandisha. Mwingine akafungua ripoti rasmi ya hitilafu, namba mia tatu na kumi na mbili, kichwa chake: Gesi haijaelezwa popote kwenye mwongozo.

Mkutubi aliyasoma haya akiwa amesimama kati ya rafu ya jiografia na ya historia, akatambua habari ilikotoka. Mume wake alikuwa fundi wa mafriji. Simu aliyotumia karakana iliwahi kuwa ya mkewe, na akaunti ya mkewe haikuwahi kutolewa.

"Baba watoto," alimwambia jioni, kabla hata hajavua viatu, "hebu nionyeshe simu yako."

"Kuna nini? Nimeanza kuandika miadi yangu humu kama ulivyonishauri. Ila mke wangu, hiyo kalenda yako nayo ni balaa. Leo nimeingiza kichwa ndani ya friji ya mteja, simu ikalia juu ya meza, mteja akaisoma: 'Kikao cha wadudu sugu.' Mama wa watu akaanza kutoa vyakula vyote nje."

"Wadudu ni makosa ya programu!"

"Sasa yeye angejuaje? Hata mimi niliangalia mara mbili."

Mkutubi aliwaeleza wenzake ukweli, na kikundi kikacheka mpaka Alhamisi. Ripoti namba mia tatu na kumi na mbili ikafungwa kwa maelezo mafupi: Gesi ni ya bucha. Alitaka afunge ruhusa siku hiyohiyo, lakini Mwalimu akamzuia. Mtu mmoja kukosea, alisema, si sababu ya kupiga kufuli. Mkutubi akakubali, ingawa moyo wake ulikuwa nusunusu.

Ijumaa saa tisa alasiri alikuwa anarudisha kamusi mahali pake simu ilipotetemeka mfukoni. Kilikuwa kikumbusho cha kalenda, kilekile kilichotetemesha simu nyingine arobaini wakati huohuo.

"Kesho 09:00 hadi 13:00. Mama, kusafishwa damu. Wodi ya chini. Blanketi la kijani. Usimwonyeshe kuwa umechoka."

Chini yake: Imeandikwa na Sindano. Hurudiwa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwisho: hakuna.

Mkutubi akakaa kwenye kigoda cha kupandia rafu, kamusi mapajani. Alielewa mara moja ilivyotokea. Simu ya Sindano sasa ilikuwa na kalenda mbili, yake na ya jumuiya, na ya jumuiya ndiyo iliyokuwa juu. Ni suala la kidole tu. Aliifuta haraka, lakini kikumbusho kikishakwenda kimekwenda.

Kikundi kilichoweza kubishana siku mbili kuhusu rangi ya kitufe kilinyamaza. Mtu mmoja alianza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Baada ya dakika kumi ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Sindano ameondoka kwenye kikundi.

Mwalimu alipiga simu, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Miaka miwili, mwanangu. Nimemwita mtoro mbele za watu."

"Hukujua, Mwalimu."

"Sikuuliza." Akakohoa. "Nimpigie?"

"Ngoja kwanza. Ukimpigia wewe leo atadhani ni huruma. Niachie mimi. Mimi ndiye niliyeiacha kalenda wazi."

Alimpigia jioni ile mara mbili, hakupokea. Usiku alilala vibaya, kila akifumba macho anaona lile blanketi la kijani ambalo hakuwahi kuliona. Kesho yake saa tano asubuhi, akijua mwenzake amekaa wapi na kwa sababu gani, alijifungia jikoni akapiga tena. Mlio wa sita, Sindano akapokea.

"Dada, kama ni ile sehemu ya kumbukumbu, nitaituma leo. Mkiipata malizieni wenyewe."

"Sijapiga kwa ajili ya kazi. Nimepiga kukuomba radhi. Mambo ya nyumbani kwako yamekwenda kwa watu kwa uzembe wangu."

"Kidole kilikuwa changu."

"Na mlango nilikuwa nimeuacha wazi mimi. Lakini kaka, kwa nini hukutuambia?"

Nyuma ya Sindano mashine fulani ililia mara mbili, ikanyamaza.

"Ningewaambia mngeanza kunipa pole," alisema. "Huku kila mtu ananipa pole, mpaka mlinzi wa getini. Kwenye kikundi nilikuwa Sindano tu. Watu wananiogopa kidogo. Nilikuwa napapenda."

"Tunakuogopa sana, wala si kidogo."

Akacheka puani. "Halafu ile Jumamosi, nilijua vizuri kabisa saa nne ni saa ngapi. Niliingia alfajiri kabla ya kuja huku, ili nami niweze kusema nilikuwepo."

Mkutubi aliangua kicheko kabla hajajizuia, akaona aibu, akasikia na Sindano anacheka. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, si ya mgonjwa hata kidogo.

"Unacheka na nani?"

"Watu wa kazi, mama."

"Kazi gani Jumamosi? Lete hiyo simu."

Simu ikabadilisha mikono kwa kelele nyingi.

"Shikamoo, mama," Mkutubi akawahi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani?"

"Mimi ni mkutubi wa shule. Mwanao anatutengenezea programu ya maktaba. Maktaba zaidi ya sitini zinamtegemea."

"Programu? Mimi ananiambia anacheza mchezo."

Mkutubi akahamishia simu sikio la pili.

"Na mnakutana lini, nyinyi watu wa programu?"

"Ni… kila Jumamosi, mama. Saa nne asubuhi."

Mashine ikalia tena.

"Kwa hiyo," mama akasema taratibu, "miaka miwili huyu anaacha mkutano wake, anakuja kukaa hapa ananikodolea macho kama mlinzi wa benki, ananihesabia dakika kwa sauti, na hasemi kitu." Akageuza uso; sauti ikasikika kwa mbali. "Wewe! Mimi nimefungwa mkono, sijafungwa masikio. Ungeniambia!" Akarudi kwenye simu. "Mwanangu, nimekuwa karani wa posta miaka thelathini. Watu kupishana saa ni jambo ninalolijua. Huo mkutano hauhamishiki?"

"Unahamishika, mama."

"Basi uhamisheni. Na huyu mrudisheni huko kwenu, nipate kupumzika."

Mkutubi alipomsimulia Mwalimu, mzee hakubisha hata neno. Mkutano wa Jumamosi ulikuwa na umri wa miaka sita na aliupenda kama mtoto wa mwisho, lakini alisema unahamia Jumapili, tena atauhamisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili watu wajue ameridhia.

Hapo ndipo ilipofanyika kosa la tatu. Mwalimu hakuwa amewahi kuigusa kalenda, na kama mwanzilishi alikuwa na funguo zote. Aliufungua mkutano wa Jumamosi, akabonyeza kufuta. Mtambo ukamuuliza kama anataka kufuta huo mmoja au yote. Yote. Ukamuuliza jambo jingine. Ndiyo. Ukamuuliza kama ana hakika. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mitano haulizwi kama ana hakika. Ndiyo.

Simu zote zikatetemeka: Kalenda "Rafu: Mambo Yetu" imefutwa.

Kikundi kikarudiwa na uhai papo hapo.

"Tumevunjika?" akauliza Dada wa Baridi.

"Mwalimu kajiuzulu?"

"Nani anabaki na msimbo?"

"Nilitaka kufuta Jumamosi tu," Mwalimu alimweleza Mkutubi. "Ikawa inaniuliza maswali, nikaona aibu kujibu hapana."

Mkutubi aliichimbua kalenda kutoka kwenye pipa la vilivyofutwa, ambamo kwa bahati hukaa mwezi mzima kabla ya kupotea kabisa. Safari hii hakuomba ushauri wa mtu. Kusoma, aliacha kwa wote. Kuandika, akaacha kwa watatu: yeye, Dada wa Baridi ili awepo mtu macho wakati wengine wamelala, na Sindano. Mwalimu alipoanza kusema huria ni huria, alimkatiza kwa adabu.

"Mwalimu, kila mtu anaona. Hiyo inatosha. Wewe leo umeshaandika."

"Kweli," Mwalimu akasema. "Nimeandika vya kutosha."

Kisha akahamisha mkutano: Jumapili, 16:00, saa kumi jioni. Kwa Dada wa Baridi ilikuwa saa mbili asubuhi, na kwa wale sita wa heshima ilikuwa kabla ya kula, lakini walivumilia.

Sindano alipata mwaliko wa kalenda wenye ruhusa ya kuandika, bila neno la pole ndani yake. Hakujibu. Ila jioni hiyo Mwalimu alimpigia, na akapokelewa. Walichozungumza hakuna aliyekisikia. Sindano baadaye alimwambia Mkutubi kwamba mzee alimuuliza hali ya mama, kisha akatumia dakika ishirini kumweleza hatua kwa hatua jinsi alivyofuta kalenda nzima. "Ningeendelea kumnunia vipi?" alisema. Asubuhi iliyofuata alikuwa amerudi kikundini.

Jumapili ile waliingia watu thelathini na watatu, idadi ambayo haijawahi kuonekana. Dada wa Baridi alivaa kofia ya sufu ndani ya nyumba. Mume wa Mkutubi alipita nyuma ya kiti cha mkewe na bisibisi mdomoni, watu wakampigia kelele "Bucha! Bucha!" naye akawapungia mkono kama mbunge.

Kabla ya ajenda Mwalimu akaomba nafasi. Alikuwa amevaa shati la kola, lililopigwa pasi.

"Nilimwita mwenzetu mtoro," alisema. "Tena zaidi ya mara moja. Nilikosea, na naomba radhi mbele ya wale walionisikia."

Watu wakatazama chini. Sindano akajisogeza karibu na kamera.

"Imepokelewa, Mwalimu. Sasa tuendelee. Ule mstari wa mia nne, sehemu ya kumbukumbu, nani aliuandika? Maana ndio unaopoteza kila kitu umeme ukikatika."

Watu wakaanza kuutafuta mstari.

"Mimi," akasema Mwalimu.

Kilichofuata kilikuwa kicheko cha watu thelathini na watatu kwa mpigo, na sauti zikakatikakatika mtandaoni. Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Ndani ya dakika hamsini mstari ulirekebishwa, Sindano akaipitisha sehemu ya kumbukumbu, na siku ya toleo ikaandikwa kwenye kalenda. Jumatano ya wiki iliyofuata toleo likatoka. Mkutubi aliliweka kwenye kompyuta ya maktaba, akaandikisha vitabu kumi na viwili, na katikati ya cha kumi na tatu akachomoa waya ukutani kwa makusudi. Alipowasha tena, vyote kumi na viwili vilikuwepo. Akacheka peke yake kwa sauti mpaka kidato cha pili wakageuka kumtazama, na mmoja akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha.

Mama yake Sindano naye alitaka kuuona huo mchezo aliofichwa miaka miwili. Sindano akamwekea Rafu kwenye simu, na Alhamisi moja, akiwa wodini amefungwa kwenye mashine yake, mama akaanza kuandikisha humo vitabu vya kubuni na kuvirudisha, kimoja baada ya kingine, kwa umakini wa mtu aliyepiga mihuri miaka thelathini. Wiki mbili baadaye jumuiya ikapokea ripoti ya hitilafu kutoka kwa mtu aliyejiita Karani:

"Kitufe cha Kurudisha kiko mbali sana kwa mtu ambaye mkono wake mmoja ndio ulio huru. Kisogezeni chini, kulia."

Sindano alikuwa amekaa kiti cha pembeni yake. Alikisogeza kabla mashine haijamaliza zamu yake, akawatumia wenzake waangalie. Mwalimu akakipitisha. Na Mkutubi, ambaye kutwa nzima mkono wake mmoja huwa umeshika kitabu, alikijaribu kaunta kesho yake asubuhi, kidole gumba kikafika chenyewe bila kutafuta, akajiuliza ilikuwaje miaka mitatu hajawahi kulidai hilo yeye.